Kiarabu Changu Mbele ya Kamera

Nilikuwa naogopa kusema Kiarabu mbele za watu. Nimelikana jambo hili miaka mingi, tena kwa ustadi. Mikutanoni nilisema Kiingereza nikidai ndiyo lugha ya kazi yangu. Madukani nilinyoosha kidole. Kwenye misiba nilikaa karibu na mlango wa jikoni nikajifanya mtu wa kusaidia, kwa sababu jikoni wanawake wetu wote hurudi kwenye Kiswahili, na sebuleni ndiko kunakotakiwa Kiarabu cha rambirambi. Nikapata sifa ya unyenyekevu ambayo sikuistahili hata kidogo.

Kukisoma, nakisoma. Lakini nilifika Maskati kutoka Unguja nikiwa mtoto mkubwa wa kutosha kujua kwamba ninachekwa, na kicheko cha siku ya kwanza darasani kilinifunga ulimi. Baadaye nilikwenda kusoma chuo kikuu Marekani, ambako hakuna aliyejali Kiarabu changu kikoje, nikarudi na shahada ya historia ya televisheni. Mama yangu aliwaambia watu kwamba nimesomea mambo ya umeme, na mimi sikumsahihisha.

Utaalamu wangu ulikuwa miaka ya mwanzo ya televisheni ya Marekani, pale mitandao michache ilipoanza kuunganisha mji na mji, na karibu kila kitu kikirushwa moja kwa moja. Kanda za kunasia picha zilikuwa bado. Mchezo wa saa nzima uliigizwa wakati ule ule watu wakiutazama majumbani, na aliyesahau maneno yake aliyasahau mbele ya nchi. Nilizipenda habari hizo kama wengine wanavyopenda habari za vita. Kulikuwa na maiti wa kuigiza walioinuka na kwenda zao wakidhani kamera imeshahama. Kulikuwa na mwanamke wa tangazo aliyevuta mlango wa friji ukakataa kufunguka, naye huku anatabasamu na kuendelea kuusifu. Kulikuwa na fundi aliyekata sauti makusudi ili aliyesahau anong'onezwe maneno yake. Watazamaji wakadhani mashine zao zina kasoro, wakazipiga makofi.

Na kulikuwa na hofu nyingine isiyochekesha. Mara nyingi mdhamini mmoja ndiye aliyelipia kipindi kizima, na mdhamini hataki maneno. Mwigizaji akisemwa tu kwamba zamani alikaa na watu fulani wa siasa fulani, wiki ya pili haonekani, na hakuna aliyeuliza kaenda wapi. Ilitosha kuulizwa ulitoka wapi na ulikuwa na nani.

Hayo yote niliyafundisha kwa Kiingereza, katika chuo kimoja mtaa wa Al Khuwair, Maskati, kwa sauti ya mtu jasiri.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mdogo wangu akaposwa. Yeye alizaliwa Maskati, Kiarabu chake ni cha hapa hapa, na kijana walifahamiana kazini, wizarani. Watu wa kijana asili yao Nizwa, ndani kabisa ya Oman, ila walikuwa wamehamia Azaiba, hapa mjini. Posa ililetwa, tukaikubali, ikabaki tarehe ya milka, yaani siku ya kufungishwa ndoa. Tarehe hiyo ilikuwa mkononi mwa mama yake kijana, mjane, na mama yake kijana hakuitoa.

Alikuja kwetu mara kadhaa katika miezi minne. Alikaa wima pembeni ya kochi, shela jeusi limemfunika mpaka kwenye nyusi. Alisalimia, akamshukuru Mungu, akala tende moja. Kahawa alikunywa kikombe kimoja tu, kisha akakitikisa kuonyesha kwamba ametosheka. Mama yangu, ambaye Kiarabu chake ni kibaya kuliko changu lakini hana haya nacho, alimsemesha mpaka jasho likamtoka: hali ya hewa, bei ya samaki, maradhi ya magoti. Mgeni alijibu neno moja, mawili, akatazama mlango.

"Anatuona hatufai," alisema mdogo wangu, gari lao lilipoondoka.

"Anatuona Waafrika," alisema mama, akikusanya vikombe. "Ila adabu yake imemkataza kusema."

Mdogo wangu hakulia. Alikwenda kuosha vikombe ambavyo mfanyakazi alikuwa anaviosha, wakagombania sponji.

Tukiwa katika hali hiyo ndipo nikapigiwa simu na mtu niliyesoma naye, aliyekuwa mtayarishaji wa kipindi cha televisheni cha asubuhi. Alitaka nizungumzie historia ya televisheni, dakika kumi tu, moja kwa moja kutoka studio. Kwa Kiarabu, bila shaka. Nikamwambia, "Bila shaka." Maneno hayo yalitoka mdomoni kabla mimi mwenyewe sijaarifiwa.

Nilipoitoa habari hiyo nyumbani, mdogo wangu aliweka kijiko chini.

"Dada, kataa. Sema unaumwa."

"Naumwa nini?"

"Chochote. Koo."

"Akatae kwa nini?" mama akadakia. "Kwani kaiba? Watu wanatafuta kuitwa televisheni hawaitwi."

"Mama, yule mama kipindi hicho hakimpiti. Mwanawe kaniambia. Atamsikia dada."

"Atamsikia nini?"

"Atamsikia anavyosema."

Tulikuwa watatu mezani, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile jambo hilo lilikuwa limetajwa kwa sauti. Mimi nikacheka, nikasema upuuzi gani huo, Kiarabu changu hakina neno, ni mazoezi tu yanayokosekana. Ningeweza kukataa. Lakini kukataa kungekuwa kukiri, na wakati huo nilikuwa radhi kumharibia mdogo wangu ndoa kuliko kukiri.

"Basi mfundishe," mama akamwambia mdogo wangu.

Alinifundisha ndani ya gari, kwenye njia ya Yiti, ambako kulikuwa na milima na mbuzi tu wa kutusikia. Niliandika majibu yangu yote kwa Kiarabu fasaha, nikayahifadhi kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi sura fupi. Yeye akawa mtangazaji. Maiti anayetembea, nikamaliza bila kujikwaa. Friji, nikamaliza. Fundi wa sauti, nikamaliza.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Maneno yako sawa. Lakini unasema kama balozi wa nchi isiyojulikana."

"Watanijua kwamba ni dada yako?"

Aliangalia milima. "Jina ni moja, dada. Watajua."

Asubuhi yenyewe niliendesha gari nikiyarudia majibu yangu kwa sauti. Studioni walinipaka poda, wakanivisha kipaza sauti kidogo kifuani, wakaniketisha kwenye kiti chekundu ambacho miguu yangu haikugusa chini vizuri. Kulikuwa na baridi kama ya ghala la samaki. Mtu mmoja mwenye vifaa masikioni alihesabu kwa vidole, taa nyekundu ya kamera ikawaka, na mimi, niliyeandika kurasa nyingi juu ya taa hiyo, nilielewa kwamba sikuwa nimeandika kitu. Nilikuwa nimeandika kwamba watu wale waliogopa. Sikujua kwamba meno hugongana, na kwamba kinachotisha zaidi ni kutabasamu huku yanagongana.

Swali la kwanza nikalijibu. La pili nikalijibu. Mtangazaji, bwana mpole mwenye kilemba cha rangi ya maziwa, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kuona mwisho wa dakika zangu kama mtu anayeona nchi kavu. Ndipo akaiweka pembeni karatasi yake, akaegemea mbele na kuniuliza, kwa upole tu, kama anayemuuliza mgeni habari za safari:

"Na wewe mwenyewe, televisheni uliiona wapi mara ya kwanza?"

Hilo hatukulifanyia mazoezi.

Jibu la uongo lilikuwepo tayari, tena zuri: Marekani. Neno moja, nchi ya heshima, tungeendelea. Pale Azaiba mwanamke mwenye shela jeusi angetikisa kikombe chake na pengine kutoa tarehe. Nikafungua kinywa kulisema. Nikakiacha wazi. Sijui kilikaa wazi kwa muda gani. Mama anasema si muda mrefu, mdogo wangu anasema alimaliza kusoma Ayat al-Kursi. Nilichokumbuka ni fundi wa kukata sauti, nikatamani kwa nguvu zangu zote kwamba kila televisheni katika nchi hii iharibike.

"Zinjibar," nikasema.

Yakatoka na mengine, na hayo nayo hayakuwa na mazoezi. Nikaeleza kwamba mtaani kwetu kulikuwa na televisheni ya watu wote, imewekwa ndani ya kibanda chenye mlango na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa mzee aliyependa kuombwa. Nikaeleza tulivyokaa chini, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Kiarabu changu kilivunjika kama sahani. Nilipokosa neno nilichukua la Kiswahili nikalisukuma mbele. Nikasema "mkeka." Nikasema "kibanda" mara mbili, nikionyesha kwa mikono. Mtangazaji alitabasamu, akanishukuru sana, wakaingiza matangazo. Nilikwenda chooni, nikatapika chai.

Nyumbani hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonitisha. Mama alinipa uji kama mgonjwa. Mdogo wangu alikuwa amekwenda kazini, na aliporudi alisema kijana hakuonekana ofisini siku nzima. "Labda ana udhuru," alisema mama. Jioni hakupiga simu, naye kwa kawaida alipiga kila jioni. Siku ya pili pia kimya. Mama alikuwa akipita karibu na simu, ananyanyua mkono wa simu, anasikiliza kama laini ipo, anaurudisha taratibu. Nilimwandikia mdogo wangu barua ya kumwomba msamaha kichwani mwangu, kwa Kiingereza, nikajichukia kwa hilo pia.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, simu ililia. Mama aliipokea, akasikia Kiarabu, akabonyeza kitufe cha kutoa sauti nje, kama alivyofanya siku zote Kiarabu kilipompigia, ili mdogo wangu amsaidie. Mdogo wangu akasogea, akasimama ameshika ukingo wa meza. Ilikuwa sauti ya mama yake kijana. Salamu zikaenda na kurudi: hali, afya, habari, wazee, watoto. Zikaisha. Tukasikia mtu anavuta pumzi.

"Mama," ile sauti ikasema, kwa Kiswahili. "Yule binti yako aliyesoma yupo hapo?"

Mama aliitazama simu kama kwamba imebadilisha dini. "Nani mwenzangu?"

"Si ni mimi, mama yake kijana wenu."

Mdogo wangu aliuachia ukingo wa meza.

"Mimi nimekulia Ujiji," ikaendelea, sasa haraka haraka, kama mtu anayeshuka mlima asiweze kujizuia. "Nimelelewa na bibi yangu huko, nikaletwa huku kuolewa. Marehemu mume wangu akasema tusiseme, watoto watachekwa. Hata huyu mwanangu amejua juzi, na amekaa na mimi ndani siku mbili ananihoji kama askari. Nikija kwenu nilikuwa naogopa. Nyie watu wa Unguja, nikizidisha maneno mawili ya Kiarabu mtanijua kuwa ni mwenzenu. Nikasema nikikubali tarehe, tutakuwa nyumba moja, nitajificha wapi? Sasa nimemwona mwanao anatetemeka pale, na anasema. Nikaona haya."

Mdogo wangu alikuwa amejifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Mimi nilikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Hakikuwa kiti, kilikuwa kapu la nguo.

"Basi Alhamisi ijayo," ikasema ile sauti. "Milka. Kama bado mnatutaka."

Mama akavuta kiti, akakaa, akaisogeza simu karibu kabisa na kinywa chake.

"Alhamisi nnakubali," alisema. "Lakini wewe mwanamke una roho gani? Miezi minne nnakusemesha Kiarabu mpaka taya zinaniuma, na wewe umenikalia tu unanitazama!"