Mbwa Niliyemwosha Mara Saba

Nilipopelekwa kufundisha katika kijiji cha ujamaa, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka stesheni ya Kigwa, nilikuwa na sanduku la mabati, ndoo mpya, kanzu mbili na imani kubwa mno katika akili yangu. Nilizaliwa Cheyo, Tabora mjini, mtoto wa fundi cherehani, na nilikuwa nimetoka tu chuo cha ualimu. Nilidhani kijiji kizima kilikuwa kinanisubiri mimi ndipo kianze kuendelea.

Kijiji kilinipa kibanda cha nyasi kwenye ua wa bibi mmoja mjane, Mkatoliki, mtu wa rozari na maneno machache. Watoto wake walikuwa mbali. Mbali na kazi ya shamba la kijiji, alikuwa na kishamba chake cha mihogo nyuma ya nyumba, na mbwa dume mwekundu aliyekilinda. Jioni nguruwe pori walitoka msituni, mbwa akabweka, nguruwe wakarudi walikotoka. Bila mbwa yule, bibi asingekuwa na muhogo wa kutia chunguni. Hilo nililijua tangu juma la kwanza, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Mbwa alinipenda. Sijui aliona nini kwangu. Kila nilipotoka nje alinifuata, akanilamba vidole, akafuta pua yake yenye majimaji kwenye kanzu yangu. Sasa, sisi tuliolelewa na mama zetu kule mjini tunajua habari za mate ya mbwa: yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mama yangu hakuwa na mchezo katika hilo. Nilipokuwa mdogo mbwa wa jirani alilamba sufuria yetu, na mama akanisimamia mpaka nikamaliza zote saba, akihesabu kwa sauti utadhani nahesabiwa viboko.

Mwezi wa kwanza nilifua kanzu mpaka mikono ikachubuka. Kisima kilikuwa mbali, na maji ya kiangazi yalipatikana kwa kungojea. Ndipo akili ya chuo ikafanya kazi. Kwa nini nifue kanzu mara saba kila siku, wakati naweza kumwosha mbwa mwenyewe mara saba kwa juma, basi, yakaisha? Mbwa akishakuwa safi, anilambe apendavyo. Shekhe yeyote wa Tabora angenieleza papo hapo kwamba mbwa ni mbwa hata ukimwogesha mwaka mzima. Sikumwuliza shekhe. Nilijua atakavyojibu, na jibu hilo sikulitaka.

Basi kila Alhamisi alasiri, bibi akiwa bado shambani, nilimwingiza mbwa kwenye ua wangu wa kuogea na kufunga mlango wa nyasi. Nilimpaka sabuni ya mche, ile ya kufulia, nikasugua, nikasuuza, nikaanza tena. Mara moja katika zile saba nilitumia udongo mkavu wa kichuguu, na hapo nilisugua kwa bidii ya mtu anayetoa masizi kwenye sufuria. Mlango niliufunga kwa sababu niliona haya. Mwalimu Mwislamu kutoka mjini, amepiga magoti, amemkumbatia mbwa! Mbwa alivumilia, masikio yamelala, akiniangalia kwa huruma ambayo sikuielewa.

Baada ya miezi miwili akaanza kujikuna. Alijikuna kwa miguu, kwa meno, akajisugua kwenye nguzo ya nyumba mpaka paa likatikisika. Mgongoni manyoya yalipungua, na akijikung'uta zilidondoka punje nyeupe kama pumba. Ngozi ya tumbo ilipasuka kama visigino vya mtu asiyejua mafuta. Nilimtazama kwa makini, nikakunja uso kisomi, nikaamua kwamba ni uchafu. Nikaanza kumwosha na Jumatatu pia.

Hali ilipozidi, nikakumbuka kwamba niko nchi ya asali. Dada zangu walijipaka asali usoni kabla ya kwenda harusini na ngozi zao zilikuwa laini. Nikachukua kibuyu nilichopewa na mzazi mmoja mrina asali, nikampaka mbwa kuanzia shingoni hadi mkiani, nikasimama kando nikijipongeza. Sisimizi hawakuchukua muda. Kwanza walikuja wachache, kisha ukaja mstari mzima. Mbwa alilia kilio nisichowahi kukisikia, akapasua mlango wa nyasi, akakata kijiji katikati, akaingia ofisi ya mwenyekiti wa kijiji na kujigaragaza juu ya sakafu iliyofagiliwa kwa ajili ya wageni wa wilayani.

Mwenyekiti aliona mgongo usio na manyoya na pumba zile nyeupe. "Mbwa huyu ana upele," alisema. "Atawaambukiza watoto. Jumamosi tutakaa mkutano, halafu mgambo ataleta gobore."

Siku hiyo bibi alimkuta mbwa amejikunyata chini ya ghala. Alimsuuza asali kwa maji matupu bila kuniuliza chochote. Ijumaa akamwita bwana mifugo, aliyekuwa akipita na baiskeli yake. Nilisimama karibu, mikono nyuma, kama mkaguzi. Bwana mifugo aliyatenga manyoya kwa vidole, akaangalia masikioni, akaangalia kati ya kucha.

"Upele siuoni," alisema. "Ngozi imekauka, hana mafuta hata kidogo. Kuna mtu anamwosha kwa sabuni?"

Bibi alitazama mihogo yake. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Kama hakuna anayemwosha," akasema bwana mifugo, akipanda baiskeli, "basi siwezi kuapa. Huenda ni upele unaoanza. Mwenyekiti aamue."

Akaenda zake. Nilikuwa na nafasi ya kumkimbilia, baiskeli yenyewe ilikuwa na pancha ya kuziba kila hatua mia. Sikukimbia. Niliogopa kuchekwa, na kwa woga huo nilikuwa tayari mbwa apigwe risasi na bibi aachiwe nguruwe. Nimezeeka, nimefanya mengine ya kijinga, lakini hilo ndilo ninaloliona aibu mpaka leo.

Jioni bibi aliniletea ugali na kisamvu, kama kawaida yake. "Mwalimu," alisema, "kesho utafika mkutanoni?"

"Nitafika, bibi."

"Haya, mwanangu." Akaondoka.

Mkutano ulikuwa uwanjani pa shule, mbele ya darasa langu. Mgambo alikaa pembeni na gobore lake, mbwa amefungwa kamba kwenye mlingoti wa bendera, na aliponiona alitikisa mkia. Mkia ule ndio ulionisimamisha.

"Ndugu mwenyekiti, mbwa haumwi. Mimi ndiye ninayemwosha."

"Unamwosha, ndugu mwalimu? Mara ngapi?"

"Saba."

"Kwa mwaka?"

"Kwa siku. Siku mbili kwa juma. Moja kwa udongo."

Halafu Waislamu wenzangu wa kijiji, watu wanne, ndio walioanza kucheka, kwa sababu walielewa mapema kuliko wengine. "Anamtawadhisha mbwa!" alipaza sauti mmoja wao, na uwanja mzima ukaanguka. Mgambo alicheka mpaka akaweka gobore chini. Mwenyekiti alijifuta machozi na kutoa muda mpaka mvua za kwanza: manyoya yakiota, mbwa abaki.

Matibabu yalikuwa mepesi kiasi cha kuniudhi. Sabuni marufuku. Akiingia topeni, maji matupu. Mafuta ya karanga kidogo, ya kulowesha viganja tu, yapakwe taratibu pale palipopasuka. Nyasi za kulalia zibadilishwe. Bibi alimwongezea karanga zilizotwangwa kwenye ugali wake. Mimi kazi yangu ilikuwa kutofanya kitu, na hiyo ndiyo iliyonishinda zaidi. Kanzu nilizitundika juu, mbwa asikofika. Mvua zilipoanza, mgongo wake ulikuwa mwekundu tena, na nguruwe walikuwa wamerudi kuishi kwa adabu.

Siku moja nilimwuliza bibi kama alijua.

"Mbwa wangu anarudi kila Alhamisi ananuka sabuni, nisijue?" alisema. "Nilidhani ni ibada yenu. Nikaona si vizuri kuingilia dini ya mtu."

Kitu kimoja hakikupona. Mbwa aliendelea kunipenda, lakini akiona ndoo yangu alikimbilia kwenye mihogo. Siku nilipohamishwa, baada ya miaka mitatu, sanduku lilikuwa kichwani na ndoo mkononi, imejaa vyombo. Nilimuaga bibi, nikaanza safari ya Kigwa. Mbwa alinifuata kwa mbali. Nikigeuka, anajificha. Nikimwita, anakaa chini.

Tulipofika mwisho wa mashamba ndipo nilipoelewa. Nilitua mzigo, nikasokomeza vyombo sandukuni, nikaiacha ndoo kando ya njia, nikasogea hatua kadhaa. Mbwa aliizunguka kwa mbali, bila kuipa mgongo, akaja akaweka pua yake kwenye kiganja changu, akakilamba chote, mbele na nyuma. Kisha akarudi mbio, maana nguruwe hawakuwa na likizo.

Mkono ule sikuuosha mpaka Tabora. Mama alinipokea mlangoni, nikamwambia, "Shikamoo mama, usinishike, mbwa amenilamba." Hakuuliza zaidi. Alileta maji, sabuni na udongo, akanimiminia, akahesabu kwa sauti kama zamani. Tulipofika sita nilikuwa nalia, na mama akadhani sabuni imeniingia machoni.