Uma kwenye bukari

Mwaka jana niliajiriwa kuigiza katika tangazo la televisheni la unga wa mahindi, hapa Likasi. Mpiga picha alinipa uma nilie bukari, ugali wetu, eti nionekane mtu wa kisasa. Nikakubali kama mjinga.

Tangazo likarushwa wiki nzima, na magunia yakabaki yamejaa dukani. Mwenye unga alilaumu muziki, kisha akanigeukia: sikutabasamu vya kutosha! Nilienda nyumbani kwa mama, mtaa wa Shituru, nikiwa nimefura kwa hasira.

Mama alikuwa anamega tonge. Tangazo alishaliona, na la tabasamu hakuligusia.

“Kama weye mwenyewe unaogopa kuigusa bukari,” akasema, “batu batakula namna gani?”