Dadi na Rimu la Bi Kazija

Saa kumi na moja alfajiri, Kinjumbi. Dadi Kondo anakaza kamba ya mkonge mpaka tenga la samaki linalia kwii nyuma ya baiskeli. Changu na tasi wa usiku huu, macho bado yanang'aa!

"Leo rimu halilii kabla sijafika," anasema, anarukia tandiko, na huyoo!

Rimu lenyewe ni la gurudumu la lori. Limetundikwa jikoni katika kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Miteja. Siku ya shamba la pamoja, redio ikitangaza saa tatu tu, Bi Kazija, mkuu wa wapishi, analigonga. Kitoweo kilichofika kabla ya hapo ndicho kinachoingia chunguni. Hata mwanawe hamsubiri.

Na Dadi anamtaka huyo mwanawe, Maftaha. Hapo ndipo penye kazi!

Mwezi uliopita, mwaka huu huu wa 1975, Dadi aliwaahidi wanakijiji samaki. Safari ni kilomita ishirini na nne. Nusu ya kwanza ni njia ngumu: anakanyaga kilomita kumi na mbili kwa saa. Nusu ya pili ni mchanga mtupu: anashuka, anasukuma, kilomita nne kwa saa, basi.

"Nikajumlisha kumi na mbili na nne, nikagawa kwa mbili, nikapata nane," anasimulia huku akijicheka. "Nikasema, kwa mwendo wa nane, saa tatu tu nimefika. Nikatoka saa kumi na mbili, nimelala vizuri!"

Rimu lililia yeye yuko mchangani, kazama mpaka vifundoni. Alifika saa nne, chungu kimejaa kisamvu.

"Mkwe wa kisamvu huyo!" watu wa shamba wakapiga kelele.

Bi Kazija hakucheka. "Baba, asiyejua atafika lini, posa yake siipokei. Nakupa mara moja nyingine. Moja!"

Maftaha alikuwa anabangua korosho ukutani. Akamwita.

"Wewe Dadi, njia ngumu unakaa saa ngapi?"

"Moja."

Akaweka korosho moja chini. "Na mchangani?"

"Ah, kule! Saa tatu nzima."

Akaweka tatu. "Sasa mbona kwenye hesabu yako mchanga una korosho moja? Una tatu! Ile kasi yako ya kujidai ni ya saa moja tu."

Dadi akazitazama. Kumi na mbili, nne, nne, nne: ishirini na nne. Akagawa kwa korosho zote nne. Sita! Mwendo wake wa wastani ulikuwa sita, na safari ni saa nne.

"Nilikuwa nagawa kwa vipande vya njia," anasema. "Kumbe nigawe kwa saa!"

Ndiyo maana leo katoka mapema. Njia ngumu inapita kama mchezo. Mchanga unakuja, anasukuma, jasho linamwingia machoni, mnyororo unalia. Kule jikoni Bi Kazija keshashika chuma, redio iko sikioni.

"Shikamoo mama!"

Chuma kinabaki juu. Bi Kazija analiangalia tenga, anamwangalia Dadi, anamwangalia Maftaha anayejifanya anapuliza moto.

"Marahaba. Shusha, baba." Kisha, ngaaa! rimu linalia, na shamba zima linashangilia.

Wakati changu wanatiwa nazi, mama anasema bila kugeuka, "Walete wazee wako Ijumaa, kabla ya swala. Rimu ni lile lile."

Dadi karibu aiangushe baiskeli! Lakini furaha haijamtoa akili. Posa italetwa na babu yake mdogo, Mzee Fakihi, anayekuja kwa miguu, na mwendo wake Dadi anaujua.

"Babu akitembea, hata mimi na tenga langu hatumpati," anasema, akichora mchangani kwa kidole. "Shida ni kwamba kila mlango anasimama. Ataamkia, ataamkiwa, ataulizia mpaka mbuzi. Pale anaposimama njia haipungui, ila saa zinakwenda, na zote lazima nizihesabu."

Anafuta mchanga, anacheka.

"Nitamwambia atoke Jumatano."