Sanduku la Evelina Lilivyoimba Makaburini

Mwenye kubisha na apande Magamba akawaulize mbega. Wao ndio mashahidi wa kwanza, na hakuna aliyewahi kumsikia mbega akisema uongo.

Kule juu, barabara ikishaiacha Lushoto na ukungu ukaanza kukushika mkono kama mgeni anayeogopa kupotea, ipo nyumba ya Mzee Rubeni. Baridi ya pale si ya mchezo. Mtu akimwita jirani asubuhi, sauti inaganda njiani, na jirani anaisikia saa nne jua likitoka. Ndani ya nyumba hiyo anaishi Rubeni na binti yake Evelina, fundi redio, mwanamke mfupi wa mabega mapana, maneno machache, vidole vyenye makovu ya kulehemu.

Ufundi ulimwanza akiwa mdogo wa kubebwa. Alifungua redio ya baba yake amtafute msomaji wa taarifa ya habari, ampe uji, kwa maana alimsikia anaongea tangu alfajiri bila kula. Hakumkuta. Mtoto mwingine angelia au angefunga. Evelina aliendelea kumtafuta, na hadi leo mvi zimeanza kumtoka, hajaacha.

Mchana ana kibanda sokoni Lushoto, kimebanana na meza ya karoti ya Mwanahawa, shoga yake, mwanamke mwenye ulimi unaoweza kumenya karoti bila kisu. Mwanahawa ndiye aliyekuwepo siku Evelina aliporudi kutoka Tanga. Huko studio moja ya kurekodia ilikuwa imefungwa, vyombo vyake vinakula kutu, naye akaambiwa abebe anachotaka. Akapandisha mlimani mixa ya kuchanganyia sauti, yenye vifundo vingi kama upele, rekoda ya mkanda yenye magurudumu mawili kama macho ya bundi, na gunia zima la vipande visivyo na jina. Akavichanganya na redio zilizokufa, akalehemu masika na kiangazi, akavifunga ndani ya sanduku la mbao, na mbele yake akaweka vibao vya kinanda vilivyounganishwa kwa waya mrefu.

Mwanahawa alipoletwa jikoni kwa Rubeni kulitazama alilizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Kompyuta iko wapi?"

"Hakuna."

"Nyimbo umezihifadhi wapi, basi?"

"Hakuna wimbo humo, shoga. Ni umeme tu. Naulazimisha uzunguke mpaka upige kelele." Evelina akabonyeza kibao kimoja. Sauti ikatoka inakwaruza kama mlango wa ghala. "Hii bado mbichi. Sasa naipitisha kwenye chujio, kama chai. Nikibana, inabaki nene na laini. Nikilegeza, inatoka na majani yake."

"Na sukari unatia wapi?"

"Hapa." Akageuza kifundo, akaiwasha rekoda. Magurudumu yakazunguka, sauti ikaenda, ikarudi, ikaenda tena, hadi jiko lile la udongo likawa kubwa kuliko kanisa.

Mwanahawa akashika nguzo. "Yarabi! Eve, umemfungia nani humo?"

Tangu siku hiyo watu walipanda kusikiliza. Evelina alitoa mvua juu ya bati, wanawake wakakimbilia nje kuanua nguo. Alitoa nyuki, mbwa wakajificha mtungini. Kinyonga mmoja mwenye pembe alitulia dirishani akawa anabadili rangi kila kifundo kilipogeuzwa, na alipofikishwa kwenye sauti nzito kabisa rangi zikamwishia, ikabidi arudie kijani. Na mbega, hao hao mashahidi, walishuka kutoka msituni na mavazi yao meusi na meupe, wakajipanga juu ya uzio kama wazee wa kanisa kwenye kikao. Hawakula kabichi hata moja. Walisikiliza tu, mikia imenyooka.

Sanduku lilikaa jikoni, juu ya kichanja, karibu na mahindi ya mbegu yanayoning'inia moshini. Hapo ndipo Evelina alipoliundia na hapo ndipo alipolisawazishia kila noti, moto ukiwaka, maharage yakichemka. Hakuwahi kulipiga mahali pengine. Na nani kule juu anakaa jikoni bila moto?

Basi Marta akafariki. Marta ni mama yake Evelina, mke wa Rubeni. Naye Rubeni, ili usimdhanie mzee wa kawaida, ndiye aliyepuliza besi kwenye matarumbeta ya kanisa tangu akiwa kijana. Besi ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalomzunguka mtu kama chatu mwenye adabu. Wengine wanapiga wimbo. Besi inauwekea miguu. Lakini kifua chake kilikuwa kimechoka. Muuguzi wa zahanati alimwambia wazi mbele ya binti yake: "Babu, ukilipuliza tena hilo, sitakuwa na dawa ya kukupa." Vijana aliowafundisha besi walikuwa wameshuka Muheza na Tanga kutafuta maisha. Marta akazikwa kwa matarumbeta yasiyo na besi.

Rubeni hakulia siku ile. Alijifunga shingoni kanga ya mkewe, akawa haivui, na kila jioni akawa anasema neno lile lile akitazama moto: "Nimemzika kwa wimbo usio na miguu."

Kwa usharika wao, alfajiri ya Pasaka hakuna anayekaa kitandani. Watu wanakwenda makaburini, matarumbeta yanapigwa jua likichomoza, ili waliolala chini wajue kwamba kaburi moja lilishafunguka na mengine yana zamu yake. Kwaresima ilipoanza Rubeni alitangaza.

"Pasaka nitapuliza mwenyewe."

"Tate, utaanguka," Evelina akamwambia baba yake.

"Kama nitaanguka nitaanguka makaburini. Hamtapata shida ya kunibeba."

Evelina alimjua baba yake. Huyo akishasema, hata mvua inampisha. Njia ya kumzuia ilikuwa moja: besi ipatikane, na asiwe yeye anayeipuliza. Akamwendea Mzee Tobia, kiongozi wa matarumbeta.

"Shikamoo, baba Tobia."

"Marahaba. Najua unachotaka, na jibu ni hapana. Tarumbeta ni pumzi. Lako linakunywa betri."

"Njoo usikilize kwanza."

"Nisikilize friji?"

Alikuja, kwa sababu Mwanahawa alimtangaza sokoni kwamba anaogopa sanduku. Alikuja na tarumbeta lake, akakaa kwenye kigoda, mdomo ameubetua. Evelina akabana chujio hadi mwisho, akabonyeza kibao cha chini kabisa.

Haikuwa sauti ya kusikia kwanza. Ilikuwa ya kuhisi. Maji ya mtungini yalijichora duara ndani ya duara. Vijiko vilianza kuongea rafuni. Masizi yaliyokuwa darini tangu nyumba ijengwe yakashuka taratibu kama theluji nyeusi, na maharage yaliyobandikwa punde yakaiva papo hapo, ganda na kiini. Tobia akaondoa kofia. Akapiga ubeti mmoja juu ya besi ile, na alipomaliza alibaki ameshikilia tarumbeta hewani, macho yamelowa, akasingizia moshi.

"Pasaka," alisema, "lilete. Lakini lisinitie aibu mbele ya wafu."

Alfajiri ya Pasaka masika yalikuwa yamekolea. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba watu waliusukuma kwa mabega kupita. Mume wa Mwanahawa alipandisha betri ya gari na spika kwa pikipiki, na Mwanahawa mwenyewe alikuja na chupa ya chai ya tangawizi, amejitanda mpaka puani.

"Sasa na wewe Mwislamu umefuata nini Pasaka?" akaulizwa.

"Nimesindikiza betri. Na Marta alikuwa rafiki yangu, hebu nipishe."

Rubeni alifika wa mwisho, kanga ya mkewe shingoni, amekumbatia kitu kikubwa kilichofungwa blanketi. Evelina alikuwa anaunganisha nyaya, hakumwona vizuri. Akaliweka sanduku juu ya jiwe karibu na kaburi la mama yake, akavuta vibao vya kinanda magotini. Mashariki palianza kupauka. Tobia akainua mkono, matarumbeta yakaanza, na besi ikaingia chini yao pale pale inapotakiwa. Watu wakavuta pumzi kwa pamoja.

Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika mstari wa pili sanduku likaanza kuteremka.

Liliteremka polepole, kama mzee anayeshuka ngazi za utelezi. Evelina akageuza kifundo, akalirudisha. Likashuka tena. Matarumbeta yakawa yanaimba kwenye nyumba ya juu na besi inaimba bondeni. Watoto wakaanza kucheka. Wakubwa wakatazama vidole vya miguu yao. Tobia akashusha tarumbeta, na wengine wakashusha yao.

Rubeni akafungua blanketi. Lilikuwa besi lake, limeng'arishwa.

"Tate! Umelileta la nini?"

"Nimelileta limsalimie mama yako." Akalivaa begani.

"Muuguzi alikwambiaje?"

"Muuguzi hakumzika Marta."

Hata Tobia akasogea. "Mgosi, mzee mwenzangu, acha. Tupige hivi hivi tu, Mungu anaelewa."

"Mungu anaelewa. Marta je?" Rubeni akaingiza mkono ndani ya koti, mpaka kwapani, akatoa kipulizio cha shaba, kile kipande cha kuwekea mdomo. Kilitoka kinafuka mvuke kama kiazi kutoka jivuni.

Evelina alimshika kifundo cha mkono. Hakuvuta. Alikuwa anautazama ule mvuke.

"Kwa nini umekiweka kwapani?"

"Mtoto wa mpiga besi unaniuliza hilo? Shaba ikipoa sauti inashuka. Lazima uipashe joto kabla ya..." Rubeni akageuka. Akatazama sanduku lililolowa umande juu ya jiwe. Evelina naye akalitazama. Likawajia wote wawili kwa mara moja: jiko, kichanja, maharage, joto.

"Vua koti, Tate."

"Mbele ya watu?"

"Vua!"

Rubeni akalitua besi chini, akavua. Evelina akafungua mgongo wa sanduku, upande uliojaa transista zilizolegea kwa baridi. Akalilaza kwenye kifua cha baba yake, juu ya shati, na ile kanga ya Marta akaitoa shingoni akamfunga nayo, kama mwanamke anavyofunga mbeleko, ila mtoto kakaa mbele. Juu yake akarudisha koti, akalifunga vifungo vyote. Waya ukatoka chini ya koti kama mkia.

"Baba Tobia, nipe noti moja. Usiiache."

Tobia akapuliza. Evelina akabonyeza kibao chake kwa kidole, akakishikilia.

Sauti mbili zikasimama ukunguni, moja ya shaba, moja ya umeme, na kati yake kukawa na mtetemo unaogombana, wowowowowo, wa haraka, kama mbawa za kuku anayekimbizwa. Hakuna aliyecheka. Pumzi ya Tobia ilipokwisha, mpiga tarumbeta mwenzake aliidaka noti ile kabla haijaanguka. Mtetemo ukapungua. Wo, wo, wo. Joto la Rubeni lilikuwa linaingia sandukuni, transista moja baada ya nyingine, na besi inapanda. Wo... wo... Watu walikuwa wanaisikia inavyokaribia, kama hatua za mtu unayemjua zikiikaribia nyumba. Wo...

Kisha hakukuwa na mtetemo. Sauti zikawa moja, zimetulia kabisa, na kutoka humo ikazaliwa nyingine ya tatu juu yake ambayo hakuna aliyeipiga. Umande wote ulioning'inia kwenye misonobari ukaanguka kwa mkupuo mmoja.

"Sasa," alisema Evelina kwa sauti ndogo.

Wakaanza upya. Wimbo ulikwenda na miguu yake, miguu mizito, inatembea juu ya nyasi, juu ya majani ya mihindi, ukiteremka hadi mabondeni ambako majogoo yaliacha kuwika kwa heshima. Ukungu ulipasuka katikati, jua likaingia hapo, na mbega walikuwa juu ya miti, wamesimama, wote wamesimama. Rubeni alifumba macho. Besi ilikuwa inamtetemesha mbavu, inamwingia kwenye kifua kile kile alichoambiwa kimekwisha, na yeye alikuwa anavuta pumzi pale inapovutwa, anaiachia pale inapoachiwa, mashavu yamejaa, midomo imebana, kipulizio kimelala baridi mkononi.

Ubeti wa mwisho ulipokwisha Evelina aliondoa kidole. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea. Mwanahawa ndiye aliyejifuta uso kwa ncha ya mtandio, akasogea hadi kwa mzee.

"Mzee Rubeni, mtoto kalala huyo? Nimfungue?"

"Mwache. Bado ananguruma kidogo." Akauweka mkono wake juu ya koti, pale sanduku lilipo, akalitazama kaburi. "Umesikia, Marta? Leo nimewahi, na wimbo una miguu."

Tobia alikuwa anafuta tarumbeta lake kwa kitambaa, anafuta mahali palipokwisha kufutwa.

"Mazoezi Jumamosi," alisema bila kuinua macho. "Mje wote watatu, na mtoto huyo."

"Tutakuja," akajibu Rubeni. "Lakini Mwanahawa, nipe kwanza hiyo chai. Kupuliza kunakausha koo."