Blanketi la Yule wa Asali

Luvsanjav alifikisha miaka hamsini na minane bila kushinda kitu. Alipokuwa na miaka saba walimpandisha farasi wa mbio, maana kwao wapanda mbio ni watoto, akarudi wa mwisho, vumbi tupu usoni. Akakua, akamwoa Densmaa, akafuga, na kila kiangazi alipeleka farasi mbioni akarudi nyumbani akiitukana njia, kana kwamba njia ndiyo iliyokimbia polepole.

Kisha akamlea Yule wa Asali. Farasi hapewi jina, huitwa kwa rangi yake tu, na wa rangi hiyo nyikani ni wengi, lakini Luvsanjav akisema Yule wa Asali watu walijua ni yupi. Kiangazi kilichopita farasi huyo aliingia wa tano. Baada ya wa tano hakuna anayeheshimiwa. Yule wa Asali alimwagiwa maziwa ya farasi yaliyochachuka, akaimbiwa sifa zake, na Luvsanjav akalia mbele za watu bila aibu.

Hapo ndipo kichwa kilipomvimba. Akataka mbio za sikukuu ya Mwezi Mweupe, zile za katikati ya baridi, na akataka nafasi ya kwanza. Farasi wa mbio za baridi hufunikwa tangu umande wa kwanza kuganda, asiote manyoya mazito, maana mwenye manyoya akikimbia hutoka jasho, na jasho likiganda mwilini ni kifo. Wengine wote huachwa wazi waote koti lao. Basi Densmaa akashona blanketi la sufu iliyoshindiliwa, nene kama ukuta wa hema lao, na Yule wa Asali akafungwa kambani kando ya mlango, akiletewa nyasi kavu.

Jirani yao Gombosuren alipopita kunywa chai alicheka hadi akapaliwa.

"Huyo ni farasi au bi harusi?"

"Wivu huo. Wa kwako wamejaa manyoya kama kondoo."

"Ndiyo, na watalala nje wakikoroma. Wako ukimvua hilo blanketi mwezi wa kwanza ni kuku aliyenyonyolewa. Nyasi unazo?"

"Za kutosha."

"Za kutosha mpaka lini?"

"Gombo, chai yako inapoa."

Zilikuwa za kutosha mpaka sikukuu, kama mbingu zingekuwa na adabu. Mwezi wa kumi na mbili mvua ilinyesha juu ya theluji kutwa nzima, kisha baridi ikarudi kwa hasira na kuifunga nyika yote kwa barafu. Majani yalionekana chini yake, na mnyama hakuweza kuyafikia mpaka aigonge kwa kwato kutwa. Majike wenye mimba wakaanza kuanguka. Luvsanjav akawagawia nyasi za Yule wa Asali, kwa sababu hakuwa na moyo wa jiwe, na katikati ya mwezi wa kwanza kibanda cha nyasi kikabaki kitupu. Barabara ilikuwa imefungwa. Redio ikatangaza kwamba mbio za sikukuu hazitakuwepo mwaka huo.

Kwa hiyo yote yalikuwa bure, na farasi bado alikuwa amesimama pale na blanketi lake, akilia njaa.

"Mwachie akachimbe na wenzake," Densmaa alisema.

"Na manyoya yako wapi? Atakufa siku ya pili."

"Basi mwachie na blanketi."

Akajaribu. Haikupita saa moja blanketi likawa chini ya tumbo, mikanda imemnasa miguu, farasi chali kwenye barafu. Luvsanjav alimkata mikanda kwa kisu huku akiomba radhi kwa sauti, mtu mzima.

"Tumwingize ndani," alisema jioni hiyo.

"Mzee, mlango wenyewe unaingia umeinama."

"Tubomoe ukuta."

"Na sisi tulale wapi? Na wale ndama tuliowaingiza kwa ajili ya baridi, chini ya kitanda?" Densmaa akamshika mkono. "Ukimfunika atakufa kwa njaa. Ukimfunua atakufa kwa baridi. Chagua, mume wangu, maana mimi siwezi."

Siku tatu hakuchagua. Alimlisha chumvi, makombo ya mikate, nywele za mkia wa ng'ombe, kila upuuzi. Siku ya nne, jua lilipotoka na upepo ukatulia, alimvua blanketi na kumsukuma kuelekea kundini. Ngozi ilionekana, nyembamba, inatetemeka. Yule wa Asali alikwenda hatua ishirini, akageuka, akarudi kusimama mahali pake kambani. Hakujua kuchimba barafu kama ile, nani angemfundisha? Luvsanjav akamfukuza tena. Akarudi. Mara ya tano akaokota donge la mavi lililoganda, akamrushia, likampata usoni. Ndipo akaenda.

"Ameenda?" Densmaa aliuliza.

"Ameenda. Anachimba," alijibu, na ulikuwa uongo, kwa sababu hakuthubutu kutazama.

Upepo ukarudi usiku huo. Walipopanda kitandani, ukuta wa hema ulikuwa umevimba kuelekea ndani, upande ule usiopigwa na upepo, penye mito yao.

"Nini hicho?" Densmaa aliuliza.

"Theluji imejilundika. Lala."

Asubuhi Densmaa alitoka kwanza na koleo la kuondolea theluji. Hakupiga kelele, alimwita tu. Yule wa Asali alikuwa amelala amejikunja, mgongo umeegemea ukuta wa sufu, ameganda. Alikuwa ametafuta joto la hema, akalipata kidogo pale walipokuwa wamelala.

Luvsanjav alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye ule mgongo. Usiku kucha ukuta ulikuwa ukimbana, na yeye, nusu usingizini, alikuwa akiusukuma nje kwa kiwiko apate nafasi.