Pipi ya Nyongeza

Juzi mlinzi wa supamaketi alipochana risiti yangu mlangoni, moyo ulinienda mbio kama zamani.

Nilipokuwa mtoto, kwenye duka la mtaani kwetu Makoko, mama akishanunua, mwenye duka alikuwaga ananipa pipi ya nyongeza. Siku ya kwanza mama aliponipeleka supamaketi sikumwona mwenye duka, nilikuta tu harufu ya sabuni na friji zikinguruma. Mama alipolipa, nikajichukulia nyongeza yangu mwenyewe. Mlangoni nikamkuta mlinzi anasoma risiti za watu. Nikajua risiti itamwambia. Nikaibana pipi shavuni, kisha nikaimeza nzima.

“Karibuni tena,” akasema.

Sasa najua risiti haitaji kitu ambacho hakikulipiwa. Tulipofika Makoko, mama akanigeukia.

“Ilikuwa tamu?” akauliza.

Hilo mpaka leo sijui.