Nyumba ya Kubebwa na Punda

Mara ya kwanza yule fundi wa nyumba za kuhama alipokuja kwangu sokoni Garissa, mwaka ule wa sitini na sita, alitaka nizikate katikati nguzo za nyumba nilizokuwa nikiuza. Nikamwambia nguzo fupi ni kuni tu. "Abti, mjomba wangu, ngamia wako wa kubeba ndefu yuko wapi?" akauliza kwa upole. Nikachukua shoka, maana askari waliowasaka waasi walikuwa wamewamaliza ngamia wetu kwa risasi. Basi akatengeneza nyumba ya kubebwa na punda, vipande vifupi vilivyoungwa kwa kamba za ngozi, mikeka juu. Mwanamke akikaribia kujifungua aliletewa nyumba hiyo ajifungulie humo, kisha ikahamia kwa mwingine. Kila fundo alilipapasa mara tatu, hata akiwa katikati ya soga.

Siku tulipoamriwa kuhamia kijiji kilichozungushiwa waya, alikuja na mama aliyeshikwa na uchungu, nyumba ikiwa imefungwa mzigo juu ya punda. Langoni askari akauelekezea mzigo bunduki. "Mmeficha nini humo?" Fundi aliufungua, akaisimamisha nyumba mbele ya mtutu, akipapasa kila fundo mara tatu, huku yule mama akiuma shuka. Askari akaingia, akaketi, akasema kuna kivuli kizuri. Mimi ningebishana. Yeye alisema, "Kaa nayo, afande. Sisi tupite."

Tukapita. Mtoto alizaliwa juani, nyuma ya shuka walizoshika wanawake, akalia vizuri. Kesho yake fundi akaniomba nguzo za nyumba nyingine. Nikamwonyesha msitu nilikozikata, nje ya waya, ambako kila aliyekwenda alipigwa risasi.